Bi Chapchap na Vipande Mia Mbili

"Shemeji, huu si mtandao, ni mgonjwa anayejifunza kutembea! Nikituma faili, linaanza kwa kujikokota, halafu katikati linatimua mbio. Sasa hizo mbio zilikuwa wapi mwanzoni?"

Fundi wa mitandao, mdogo wa mumewe, hakuinua macho kwenye kibodi. Alishamzoea. Mwenye duka huyu la kuchapa barua na kutuma fomu aliitwa na wateja Bi Chapchap, na jina lilimvimbisha kichwa. Shule yake iliishia darasa la saba. Mdomo ndio uliendelea hadi chuo kikuu.

"Kompyuta yako haijui njia ikoje," fundi alisema. "Inatuma vipande kumi vya faili kwanza, inasubiri ijibiwe kwamba vimefika, ndipo inatuma ishirini, kisha arobaini. Inapapasa."

"Mimi sipapasi. Weka mia mbili."

"Laini yako nyembamba, shemeji. Naweka kumi na sita, tuone."

"Kumi na sita! Mwanaume mzima anaogopa namba!"

Wateja wakacheka. Kicheko kikamnogea, akaongeza kwamba hata kaka mtu hujiuliza huyu alisomea nini miaka yote ile. Fundi akakunja waya zake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Hakujua kwamba Bi Chapchap alikuwa amesimama nyuma yake akinakili kila alichoandika, mgongoni mwa risiti. Kesho yake asubuhi akafuta kumi na sita, akaandika mia mbili, akajipongeza kwa soda.

Saa tano na nusu akaingia mkunga, anahema, bahasha ya vyeti kwapani. Maombi ya kazi katika hospitali iliyo jirani na kwa mama yake mgonjwa yalikuwa yanafungwa saa sita kamili.

"Nimeambiwa kwako ni chapchap."

"Kaa hapo, mwanangu. Hata kiti hakitapata joto."

Kiti kilipata joto. Cheti cha kwanza kilikwama. Akabofya tena, kikakwama tena. Akaitandika kompyuta kofi la mgongo, akailaumu kampuni ya mtandao, akailaumu na mvua ambayo haijanyesha. Ilipofika saa sita kasorobo, mkunga aliacha kuuliza, akawa anatazama tu saa ya ukutani. Hapo Bi Chapchap akakumbuka mia mbili zake. Akapiga simu.

"Shemeji, kuna mtu amegusa kompyuta."

"Mtu gani?"

"Mtu mmoja hivi."

"Mwenye mdomo?"

"Shemeji, mkunga wa watu anakosa kazi!"

"Ameandika ngapi huyo mtu?"

"Mia mbili."

Ikasikika sauti ya mtu anayejiziba asicheke. "Modemu yako, hicho kisanduku cha mtandao, inapokea kidogo kidogo. Ukiimwagia vyote kwa pamoja, vinavyozidi inavitupa. Kompyuta inavituma upya, vinatupwa tena. Rudisha kumi na sita."

Bi Chapchap aliitupia jicho mashine yake ya fotokopi. Kila siku aliwagombeza waliotaka kuilisha rundo zima la karatasi: "Polepole, hii si ng'ombe!" Leo akajiona mjinga wa kupigiwa mfano. Akaandika kumi na sita.

Cheti cha kwanza kikaenda. Cha pili. Cha tatu kikawatesa kidogo, kikaenda. Dakika mbili kabla ya saa sita, skrini ikaonyesha kwamba maombi yamepokelewa. Mkunga akamkumbatia mpaka miwani ikapinda.

"Asante, mama! Kumbe we ni fundi kweli!"

Sifa hiyo haikuwa yake. Simu ilikuwa bado hewani. Akaiweka sauti ya juu, duka zima lisikie.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Fundi ni wewe. Jana nilikuvunjia heshima mbele za watu, na kaka yako hakusema lolote, nilitunga mwenyewe. Nisamehe."

Wateja wakatazamana.

"Nilishakusamehe pale uliposema mia mbili," fundi alijibu. "Nimecheka hadi nimemwaga chai."