Unga wa Mama Chini ya Nguzo za Mawe

Mpaka leo nikiona kofia ya kitalii, damu inanichemka.

Mama yangu alikuwa akikaa nami Kimara, na moyo ulikuwa unamsumbua. Hakuwahi kumzika baba yake. Taarifa zilimfikia maziko yamekwisha. Kwao, upande wa Iringa, aliyekosa kumzika mzazi wake huenda kwenye bonde kavu lenye nguzo ndefu za mawe, kila ukoo na nguzo yake. Humwaga unga wa ulezi, akaita majina ya wazee na kuomba radhi. Unga wa mashine hautakiwi. Basi akatwanga mwenyewe uani kwangu, akikaa chini kila mara kupumua, na nikitaka kumpokea mchi ananifukuza.

Tulipofika, bonde lilikuwa na geti. Zama za ruksa hizo, biashara imefunguliwa, kila kitu kilikuwa kimepata mwenyewe. Kijana wa kutembeza wageni, kofia pana kichwani, akatuambia kumwaga kitu kwenye mawe ni marufuku. Wakati huohuo Wazungu wawili wamekaa juu ya nguzo fupi, miguu inaning'inia!

"Na wale?"

"Wale wageni, sista."

"Na huyu aliyezaliwa hapa? Hata shikamoo hujampa!"

Akautazama mfuko wa unga, akapata akili ya biashara. "Basi siyo ishu. Bibi afanye tu, ila asubiri wageni washuke wampige picha. Na aseme kwa sauti, wana kinasa sauti."

Nilimtukana, na sijutii hata neno moja. Mama akaniambia ninyamaze. Akavua viatu, akapiga magoti. Wageni wakamzunguka na kamera zao, kinasa sauti wakakisogeza mdomoni pake kana kwamba ni waziri. Akamwaga unga. Midomo haikusogea. Alipoinuka, yule mjinga akapiga makofi.

Kwenye basi la kurudi nikamuuliza kama babu amemsikia.

"Asikie nini? Majina ya wazee wangu niyatie kwenye redio ya watu? Nimemwaga unga tu, mwanangu."

Nikamwambia tutarudi, siku ambayo hakuna wageni. Akaitikia, akafumba macho.

Masika hayakumkuta. Alikwenda kwa baba yake na radhi bado iko mdomoni.