Eti Tofauti Ndogo

Leo nimeambiwa mbele ya darasa zima kwamba hesabu imenishinda. Aliyekosea ni mwalimu.

Nasomea urubani, darasa letu liko ghorofa ya nne, Kariakoo.

Swali: uwanja wa ndege uko futi elfu tano juu ya bahari, joto nyuzi 30. Hewa ya moto ni nyepesi, sasa ndege itahangaika kupaa kana kwamba iko futi ngapi?

Nikasema elfu nane.

"Umekosea dada. Elfu sita na mia nane. Hesabu hizi zinataka utulivu."

Wenzangu wakacheka. Nikasimama.

"Mwalimu, umetumia kiwango cha joto cha kitabuni, nyuzi 15. Hicho ni cha usawa wa bahari. Futi elfu tano, kiwango ni nyuzi tano."

Akaugeukia ubao. Akafuta, akaandika elfu nane.

"Haya, andikeni. Tofauti ndogo tu."

Ndogo?!

Kesho mwenzetu Baraka anaruka kutoka uwanja kama huo, njia ya kurukia fupi, mlima mbele. Hesabu zake zote alizipiga kwa njia ya mwalimu. Nilimwona anarudia hesabu, jasho linamtoka. Sasa ataondoka alfajiri kabla ya joto, na mafuta kapunguza ili ndege iwe nyepesi.

Tunatoka, mwalimu akanivuta pembeni.

"Siku nyingine nifuate ofisini. Usinisahihishe mbele za watu."

Nikamjibu, "Na mimi ulinikosoa mbele za watu, mwalimu. Nikiwa sahihi."

Akaondoka. Samahani hakuna.

Jamani, hapo nimekosa adabu wapi?