Mgonjwa wa Mwanda

Kwa miaka tisa Gertrude Wakio wa Mwanda aliwafunga kwa kanga na vijiti watu waliovunjika miguu, akawateremsha mlimani kwa machela ya magunia. Hakulipwa hata kikombe cha chai. Mwaka 1976 zahanati ikatangaza kwamba mkoba wa bendeji na dawa atapewa tu mhudumu wa kujitolea mwenye cheti. Mafunzo yalikuwa Voi, wiki mbili, nauli na chakula juu ya mfadhili.

Gertrude akaenda zahanati kujiandikisha. Karani Thadeus, aliyeheshimu fomu kuliko alivyomheshimu mamake, akamsomea masharti.

"Mfadhili analipia wanaoishi karibu na barabara kuu."

"Hao wana gari la hospitali. Mimi ndiye niliye mbali."

"Ndiyo sababu huwezi, mama. Nani atapanda huko kukukagua?"

"Na kutoka Mwanda analipiwa nani?"

Thadeus akapekua. "Mgonjwa tu. Huyo hulipiwa mpaka Voi."

Gertrude akarudi nyumbani, akajilaza kwenye machela yake mwenyewe. Wabebaji wakamteremsha.

"Mama Wakio, kwa mgonjwa unakula vizuri," Danson akalalamika huku jasho likimtiririka.

"Danson, mgonjwa hasemeshwi. Angalia hilo jiwe."

Kule Voi mwalimu wa mafunzo, Musyimi, alimpokea kwa furaha. Alikuwa na wanafunzi kumi na wawili na hakuwa na mgonjwa wa kufanyia mazoezi. Jumatatu Gertrude alivunjika paja. Jumanne aliungua. Jumatano alizama majini, katika mji ambao mifereji ilikuwa imekauka tangu Jumapili.

"Kaza hapo chini, baba," alimwambia mwanafunzi mmoja, macho ameyafumba. "Ukifunga hivyo nitafika Mwatate bila mguu."

Wiki ya pili Musyimi hakujibu swali kabla ya kumuuliza mgonjwa.

Siku ya mwisho wanafunzi walipewa vyeti. Gertrude alipewa karatasi ya mgonjwa yenye muhuri: amepona majeraha kumi na saba, anaweza kutembea.

Akaipeleka kwa Thadeus. Thadeus hakusoma neno. Aliulinganisha muhuri na ule wa kwenye vyeti, akauinua juani, akaugeuza. Ulikuwa ule ule. Akafungua kabati, akampa mkoba.

Nje, wabebaji walikuwa wamekwisha kutandika machela.

"Ondoeni," akasema Gertrude, akitia mkoba begani. "Nina karatasi kwamba natembea."