Makubazi ya Wenyewe

Mtu akiniambia kwamba nyumba fulani haina mwenyewe, mimi hukumbuka makubazi.

Vita vilipowatoa watu Kasongo, mzee mmoja na mke wake walifika kwetu Kabambare na mafurushi mawili tu. Kule waliacha nyumba kubwa ya vyumba sita. Hapa walipewa, kwa muda, kijumba cha jirani zangu waliokuwa wamekimbia, na vitu vyote vimo: kitanda, mtungi, kinu, na makubazi ya ngozi ambayo mwenye nyumba aliyavua mlangoni.

Nilikuwa nimesimama uani mzee alipoyasukuma nje kwa mguu.

"Wenyewe hawarudi tena," alisema.

Mke wake alikuwa akifunua mtungi. Akakirudisha kifuniko polepole.

"Bwana, kule kwetu Kasongo leo iko mutu ndani ya nyumba. Na yeye anasema vile?"

Mzee aliinama, akayaokota makubazi, akayapangusa vumbi kwa kanzu yake, akayaweka pamoja pale pale mlangoni.

Kisha akaniuliza nimekuja kwa shauri gani. Nami, niliyekuja kukibeba kile kinu kabla wageni hawajakizoea, nikasema nimekuja kuwakaribisha.