Kifungo cha Kola

Mlinzi wa ghala alipoleta shati lake la kazi mara ya tatu, shangazi yake, fundi cherehani, hakunyoosha mkono kulipokea.

"Sogeza kifungo tu, Shangazi. Kola inanikaba."

"Na suruali?"

"Inanivuka kiunoni. Ipunguze."

Fundi hakuwahi kujua kusoma, ila tarakimu anazijua. Akafunua daftari lake la vipimo, ukurasa aliochora rungu ili ajue ni wa nani, akampima upya na kuandika. Shingo kumi na tano, sasa kumi na saba. Kiuno thelathini na nne, sasa thelathini. Hasira ikampanda. Mtu gani anayenenepa shingo huku anakonda kiuno? Na nani aliyesogeza kifungo mara mbili, akajisifu mshono hauonekani, kama si yeye mwenyewe?

"Vua shati."

"Hapa dukani?"

"Nimekuogesha huna hata jino. Vua."

Ubavuni mwa shingo vidole vyake vikakuta matezi matatu, yanabonyea kama mpira. Kwapani, jingine.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Hayaumi, ndiyo maana sikujali. Zahanati walisema ni jino, wakanipa vidonge."

"Walikugusa?"

"Waliandika tu."

"Na usiku unalalaje?"

"Nalowa jasho mpaka nabadili shuka."

"Ukakaa kimya. Umekuwa gogo?"

Akafunga duka mchana kweupe, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akamburuta hadi zahanati. Tabibu alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Mama, mitoki, haya matezi ya kuvimba, ni kawaida. Mtu akipata kidonda, inavimba, inapoa."

"Kidonda kiko wapi? Nionyeshe."

Fundi akatupa daftari juu ya karatasi zake.

"Mimi si msomi. Lakini hii kumi na tano, hii kumi na saba. Wewe umesoma, nieleze."

Tabibu akaweka kalamu chini, akasimama, na kwa mara ya kwanza akaishika ile shingo. Aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaandika barua ya hospitali kubwa.

Huko walitoa tezi moja, wakaipima. Saratani ya tezi za limfu. Daktari akasema dawa zipo, za miezi mingi, na wengi wenye aina hii hupona. Ila hakupaswa kungoja zaidi.

Njiani mpwa akauliza kwa sauti ndogo, "Na shati, Shangazi?"

"Usinisemeshe."

Fundi alipofika dukani alikata uzi kwa meno, akakishona kifungo pale pale kilipokuwa mwanzo, kwa nguvu mpaka sindano ikamchoma. Akalitundika shati ukutani.

"Hakisogei tena," akamwambia. "Shingo ndiyo itarudi."