Speech yangu ya kwanza Lac Vert: nilidhani wasikilizaji wanasinzia

Wakuu, salamu kutoka Goma, huku tunakokanyaga mawe ya volkano kila siku na bado tunapiga viatu rangi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Anayetaka kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza. Kiswahili changu ni cha Congo, mtanivumilia.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja: public speaking.

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo chumbani kwetu Majengo mpaka mama akawa anauliza kama nina mgeni. Shida ilikuwa jukwaa. Harusi zina ma-MC wake, na wale hawaachii mtu mikro hata wakienda chooni. Kanisani wanataka mtumishi. Kwenye makongamano wanauliza umewahi kuongea wapi. Sasa nitaongea wapi kama hakuna anayekubali nianzie kwake?

Halafu mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ukalipuka. Hatujakaa sawa, vita ikashuka kutoka Rutshuru na Masisi. Wakimbizi wakajaa Lac Vert, pembezoni mwa mji, na kando ya barabara ya Sake, wakajenga vibanda vya turubai juu ya mawe meusi. Harusi zikapotea. Vilio ndivyo vilibaki.

Rafiki yangu Deo, aliyekuwa anagawa maji kambini, akanicheka.

"Wewe unatafuta watu wa kukusikiliza, na kule watu wanatafuta mutu wa kuwasemea. Shida iko wapi?"

Akanipeleka kwa Mama Furaha, mjane kutoka Masisi. Mumewe alifia kambini na familia ilitaka kumaliza kilio, yaani matanga. Nikamuuliza marehemu alikufa aje, maana msemaji lazima ajue.

"Alilala tu, mutoto wangu. Alishuka asubuhi kwa shimo kufunga mbuzi, wakamukuta amelala. Hata alama moja kwa mwili, hapana."

Akashusha sauti.

"Ndugu zake wanasema nilimupa sumu. Kilio kikiisha watanifukuza na watoto. Sema muzuri, papa. Sema alilala."

Wakuu, mimi nilikuwa nimetafuta jukwaa. Nikapewa maisha ya mtu. 

Lakini kijana na sifa tena! Nikatunga speech tamu. Kila baada ya maneno machache nasema "hakufa, amelala", na watu wanajibu "Amina". Nilijisikia fundi.

Sasa sikieni desturi ya familia ile. Kilio kinamalizwa pale pale marehemu alipokata roho. Watu wote wanakaa chini, mjane katikati. Anayesimama ni msemaji peke yake. Mjane akiinuka, kilio kimeisha na wote wanainuka naye. Kabla ya hapo haruhusiwi mtu kumgusa.

Kwa hiyo tulishuka kwenye lile shimo.

Asubuhi ile ilikuwa na mawingu, upepo hakuna kabisa. Moshi wa Nyiragongo ulikuwa umesimama wima. Shimo lenyewe ni bonde dogo kati ya mawe, lina majani mabichi. Chakula kilikuwa pale wazi, na hakuna hata inzi mmoja. Mimi nilifurahi, eti angalau hakuna inzi. Jamani!

Nikaanza. Mbele ya picha ya marehemu waliwasha mshumaa, ukazimika. Shangazi mmoja akauwasha tena, ukazimika. Akapiga kiberiti kingine pale chini, kikakataa.

Minong'ono ikaanza. "Marehemu mwenyewe anakataa." Muzee, kaka mkubwa wa marehemu, akamkazia macho Mama Furaha. Yule mama akainamisha kichwa.

Nikaongeza sauti.

"Hakufa, amelala!"

"Amina."

Ila Amina yenyewe ilikuwa nzito. Nikaona bibi mmoja anasinzia. Halafu jirani yake. Shangazi wa kiberiti akaegemea jiwe, mdomo wazi. Kuku aliyeletwa kwa ajili ya chakula, amefungwa mguu, alikuwa amelaza shingo chini.

Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri nimewachosha! Nikajisemea, kaka, speech yako ya kwanza na watu wanakoroma. Badala ya kuangalia kuna nini, nikatafuta mbinu ya kuwaamsha.

Nikaokota mshumaa, nikauwasha nikiwa nimeushika kifuani. Ukawaka vizuri. Nikaona nimeokoa jahazi. Nikainama taratibu kuurudisha mbele ya picha, na moto ukafa kama umetumbukizwa kwenye maji.

Na mimi pale nilipoinama pumzi ikakata. Kifua kikabana, kichwa kikazunguka.

Nikainuka haraka. Hapo nikakumbuka.

Bibi yangu alikuwa anatuambia tukiwa wadogo: "Asubuhi bila upepo, usiiname kwa shimo. Mazuku haina harufu, haina sauti. Inakulalisha tu." Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu na kutuama chini mabondeni, inazima moto na pumzi. Mtoto wa Goma anajua. Mtu wa milima ya Masisi atajulia wapi?

Na marehemu alishuka asubuhi kufunga mbuzi. Akainama.

Nikapiga kelele: "Amkeni! Mupande juu!"

"Aaamina," wakajibu, macho yamefumba.

Wakuu! Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kuitikia, na sasa walikuwa wanaitikia kifo chao.

Nikamwendea Mama Furaha, nikamshika mkono. Muzee akanguruma kutoka pale chini, "Wacha mujane! Maombi bado haiyaisha!"

"Mama, mume wako hakulala. Iliyomuua ni hewa ya humu ndani, na sasa inatuua na sisi. Simama. Ukisimama, wote watasimama."

Aliniangalia kwa shida. "Nikisimama watasema nimekimbia kilio."

"Waseme. Lakini waseme wakiwa wazima."

Akasimama. Miguu inacheza, nikamshikilia. Na kweli, desturi ni desturi: walipomwona amesimama, wote wakaanza kuinuka, hata walio nusu usingizini. Waliobaki tuliwavuta. Bibi aliyesinzia wa kwanza nilimbeba mgongoni.

Kule juu barabarani watu walitapika, wakalia, wakapata pumzi. Hakufa mtu. Mungu ni mkubwa.

Jua lilipotoka na upepo kuanza, muzee alishuka na Deo kuchukua picha. Akapanda amebeba yule kuku. Amekufa. Akamgeuza, akafunua manyoya, akatafuta alama. Hakuna.

Akamweka miguuni pa Mama Furaha.

"Huyu nani alimupa sumu?" akasema. "Mama, utusamehe."

Yule mama alikaa juu ya jiwe akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa ameruhusiwa kukilia tangu mumewe afe.

Nilichojifunza: mnaoanza public speaking, msingoje jukwaa lenye taa. Nendeni penye watu wanaohitaji kusemewa. Na mkiambiwa jambo, lisikieni vizuri kabla ya kulipamba. Mimi nilipewa jibu lote siku ya kwanza, nikaligeuza kibwagizo.

Siku hizi naitwa sana, na nasimamia vilio mpaka Kibati. Ila "amelala" siitamki tena.

Haya wakuu, na nyie jukwaa lenu la kwanza lilikuwa wapi? Shusheni hapa. Na siku ukiona wasikilizaji wanasinzia, kabla hujajilaumu, weka mshumaa chini kwanza.