Kiuno cha Inchi Thelathini na Moja

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumamosi iliyopita, katika duka la sare za shule mjini Voi. Muuzaji, msichana mchangamfu, alimtazama binti yangu wa miaka kumi na mmoja kutoka juu hadi chini, akamwita mwenzake aliyekuwa stoo: "Lete ile saizi ya mama. Huyu hatoshei hizi za watoto. Na ni mia mbili juu." Duka lilikuwa limejaa. Binti yangu akakunja mikono mbele ya tumbo, na papo hapo nikajiona niko tena kwenye baraza la fundi, nina umri kama wake.

Wewe uliyekulia upande wetu utalikumbuka baraza la namna ile, hata kama lako lilikuwa Mwatate. Cherehani mbili za kukanyaga, harufu ya mafuta ya mashine na kaki mpya, pasi ya makaa, na benchi refu la akina mama na watoto kila likizo ilipokaribia kuisha. Fundi hakuandika mwenyewe. Alizungusha tepu, akatangaza namba kwa sauti ya mnadani, na mkewe akaiandika kitabuni. Kwa hivyo baraza zima lilijua kiuno cha kila mtoto. Mwaka mmoja changu kilikuwa inchi thelathini. "Thelathini," fundi alitangaza, kisha akaongeza, "Mama, andika Tangi." Benchi likacheka. Jina hilo likapanda nasi mlima hadi kwetu Sagalla, na shule ilipofunguliwa nikalikuta limeshafika.

Niliishi na nyanya yangu. Nilikuwa mtoto wa kupenda vipimo, na juma la kushuka tena kwa fundi lilipokaribia, nilikata uzi wa mkonge nikawa najipima tumbo kila alfajiri, nikifunga fundo pale ncha ilipokutana na uzi. Tena niliacha kula. Nyanya alipika kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa kwa mwiko mpaka yakashikana, na harufu yake ilijaza nyumba. Nilisema tumbo linauma, nikapitia mlango wa nyuma na sahani yangu, nikawamwagia kuku. Siku ya tatu kuku walikuwa wakinisubiri mlangoni.

Siku ya nne njaa iliniangusha njiani kutoka kisimani, mtungi ukapinduka, maji yote yakaenda. Sagalla, kumwaga maji si jambo dogo. Nyanya hakugomba. Jioni, akitandika kitanda changu, aliukuta uzi.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza kwa utaratibu: fundo moja kwa siku moja, na tofauti kati ya la kwanza na la nne haifiki upana wa ukucha. Nikamwambia pia kwamba fundi akiniita Tangi tena, shule sirudi. Nilimaanisha.

Nyanya alikuwa mwanamke wa maneno machache na nyonga pana. Aliuzungusha uzi kidoleni kwa muda. "Mjukuu wangu," akasema, "tangu nizaliwe mlima huu, sijamsikia mtu akililaumu tangi kwa kujaa." Akanipakulia. Nilikula sahani mbili, na kuku wakasubiri bure.

Kesho yake tukashuka Voi kwa miguu. Benchi lilikuwa limejaa. Fundi alizungusha tepu.

"Thelathini na moja! Mama, andika Tangi, na shilingi kumi za kitambaa cha ziada."

Nilitazama chini. Nyanya akanyoosha kidole kwa mvulana mwembamba aliyepimwa kabla yangu. "Fundi, huyu ulimpima ngapi?"

"Ishirini na moja, mama."

"Na umemrudishia ngapi?"

"Kumrudishia?"

"Kitambaa chake kilichobaki. Mnene anaongeza, mwembamba anarudishiwa. Ama hesabu yako inapanda tu, haijui kushuka?"

Mama wa yule mvulana akasema, "Hata mimi naona. Nirudishie basi, fundi."

"Wangu ni wawili, na wote ni mifupa," akadakia mwingine. "Mimi unanidai au nakudai?"

Kicheko kikarudi, ila safari hii kilielekea upande wa cherehani. Nyanya akainua mikono. "Sasa nipime mimi. Na utangaze vile ulivyozoea."

Fundi alizungusha tepu juu ya leso zake mbili. Ncha hazikukutana. Alijaribu tena, akaanza kucheka mwenyewe. "Mama, tepu imeisha."

"Basi mwambie mkeo aandike hivyo. Tepu ndiyo fupi."

Shilingi kumi zikafutwa. Kuanzia siku hiyo fundi aliinama akamnong'onezea mkewe namba za watoto wote, wanene kwa wembamba. Jina la Tangi halikuniacha, lakini halikunizuia kula tena. Sare zilipokuwa tayari, nyanya alifunga furushi kwa uzi ule ule wa mkonge, mafundo yake manne yakiwa bado yapo.

Nilimuuliza yule msichana wa duka swali lile lile: wale wadogo mnawarudishia ngapi? Akatabasamu kwa adabu. "Bei iko kwa kompyuta, mzee." Nikageuka kutafuta benchi. Hakuna benchi siku hizi. Watu husimama mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Baraza la fundi limekuwa duka la simu, na nyanya amelala Sagalla miaka mingi sasa.

Nikalipa. Nje nilimsimulia binti yangu yote. Aliikunjua mikono nilipofika pale tepu ilipoisha, akanifanya nirudie mara mbili, kisha akasema ana njaa, tukale.

Nyanya aliokoa shilingi kumi. Mimi nimepoteza mia mbili.